Unayeanza dramu, jifunze kwanza maneno ya wimbo

Mdogo wangu unayeanza kukaa kwenye dramu, miaka yangu miwili ya mwanzo niliimaliza nikikimbiza mikono. Kila alfajiri, kipande cha mpira juu ya meza: kulia, kushoto, kulia kulia; kushoto, kulia, kushoto kushoto. Metronomu, kile kifaa kinachohesabu mapigo, niliipandisha kutoka 80 hadi 160 kwa dakika. Sijutii hata siku moja ya mazoezi yale. Ila nilipoingia bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, ndipo nilipojua kuna nusu ya kazi sijaigusa.

Nyimbo nyingi za dansi, kama unavyojua, zina sehemu mbili. Mwanzo mwimbaji anasimulia taratibu, magitaa yakijibizana chini yake. Kisha linakuja chemko, watu wanainuka. Mimi nilikuwa nasubiri chemko tu. Kule mwanzo niliona pamelala, nikawa naziba kila upenyo kwa sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, na tomu na matoazi. Usiku mmoja mwimbaji alifika mwisho wa ubeti ambapo mama anamuaga mwanawe. Akavuta pumzi kabla ya neno la mwisho, nami nikamwaga manjonjo yangu yote palepale kwenye ile pumzi. Neno halikusikika. Mzee wa tumba, zile ngoma za kupigwa kwa viganja, aliyeketi kando yangu hakunikaripia. Wakati wa mapumziko aliniuliza tu, "Kijana, wimbo ule unasema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeupiga mwezi mzima.

Basi nikauandika kwenye daftari, nikawa nauimba njiani hadi nikajua kila mahali mwimbaji anapopumua. Fanya hivyo kabla hujagusa vijiti.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi mapema: kupiga polepole ni kugumu kuliko kupiga haraka. Weka metronomu kwenye 60, yaani sekunde nzima kati ya pigo na pigo. Piga sneya mara nne kwa kila mlio. Pigo la kwanza kijiti kitoke juu. Matatu yanayofuata kisipande zaidi ya upana wa vidole viwili. Wiki ya kwanza matatu hayo yatapishana, moja nene, moja limefifia. Vumilia. Yakishalingana utasikia sneya inanong'ona, na mnong'ono huo ndio unaobeba wimbo wa taratibu bila kuufunika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtu huzaliwa na hisia, mazoezi ya nini. Kunong'ona kwenyewe kunataka mkono uliofundishwa. Na chemko linaweza kuvuka dakika kumi. Kiwiko na kifundo vikikakamaa dakika ya tatu, mwendo utaanguka na bendi nzima itakuburuta. Hapo mapenzi yako kwa muziki hayakusaidii.

Kaa karibu na mpiga tumba, umtazame anavyowatazama wachezaji. Tabia hiyo imetoka mbali: Sikinde ilikuwa ngoma ya Wazaramo kabla haijawa jina la mtindo wa Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza 1978, na kwenye ngoma mpigaji huongozana na miguu ya wanaocheza. Msikilize pia Tony Allen, mpiga dramu wa Lagos, katika rekodi alizopiga na mwanamuziki Fela Kuti. Mikono na miguu yake minne kila mmoja unasema lake, lakini mara chache utamsikia akipaza sauti. Wenye uwezo kama ule ni wachache, naye hakuutumia kumfunika mtu.

Ukirekodi mazoezi kwa simu, usiiweke kando ya dramu. Iweke wanapokaa watazamaji, kisha usikilize kitu kimoja tu: je, maneno yanasikika?

Ule wimbo wa mama na mwanawe bado tunaupiga. Tukifika kwenye ile pumzi nainua vijiti vyote viwili, nabakiza mguu kwenye ngoma ya besi, kwa sauti ya chini kabisa, hadi neno litoke.