Sanduku la maswali: Pointi 7 zinatosha kuomba udaktari?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu na barua za wasomaji wetu wa Arusha na Moshi hugeukia jambo moja: udaktari wa binadamu. Tumechagua nne.

Shikamooni. Binti yangu amesoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), amepata Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Majirani wanasema asijisumbue, udaktari ni wa wenye A. Yeye anataka chuo cha KCMC, hapa hapa Moshi, ili atokee nyumbani. (Mama, Pasua, Moshi)

Marahaba, mama. Binti ana sifa za kuomba, majirani wanamkatisha tamaa bure. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, sifa ya chini ya kusomea Shahada ya Udaktari (MD) ni kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isishuke chini ya D, jumla pointi 6. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Binti yako ana 7. Masomo ya nyongeza kama GS (General Studies) na BAM (hisabati) hayamo katika hesabu hii.

Sasa mchukue mwenzake mwenye B ya Kemia, B ya Baiolojia na E ya Fizikia. Ana pointi 9, amemzidi binti yako kwa mbali, lakini anayebaki nje ni yeye. Ile E moja inamfungia mlango.

Ila kuwa na sifa ni jambo moja na kuchaguliwa ni jingine. Kila chuo kina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Waombaji wakizidi, chuo kinawapanga kwa ufaulu na kukata pale nafasi zinapoisha. Kwa pointi 7, kutegemea chuo kimoja ni kubahatisha. KCMC aombe, na Bugando ya Mwanza aombe, na Kairuki ya Dar es Salaam pia. Muhimbili ndiko wenye A wanakorundikana, kwa hiyo asiifanye tegemeo. Fungueni kitabu cha mwongozo cha TCU, kile cha waliomaliza kidato cha sita (cha wenye stashahada ni kingine). Kila kozi imeandikiwa sifa zake, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Hiyo idadi ya nafasi wengi huiruka, nayo ndiyo ya kuisoma kwanza.

Chaguo la pili na la tatu ajaze kozi ambazo kweli yuko tayari kuzisoma. Akichaguliwa kozi aliyoijaza ili mradi tu, asije akalia.

Nina daraja la kwanza la CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Kwa nini mfumo wa chuo unanikatalia MD? (Mhitimu, Sakina, Arusha)

Kwa sababu huna Fizikia ya kidato cha sita, na Jiografia haiwezi kukaa mahali pake hata ukiwa na A. Njia iliyo wazi kwako ni Stashahada ya Utabibu, miaka 3, halafu uombe MD. Ni safari ndefu, kwani MD yenyewe ni miaka 5 na baada yake mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Kabla ya kuianza, soma jibu linalofuata na ukitazame cheti chako cha kidato cha nne.

Mimi ni tabibu, GPA yangu ni 3.6. Nataka kuongeza elimu niwe daktari. Kidato cha nne nilipata F ya Hisabati. Itanizuia? (Tabibu, Himo)

Itakuzuia, ndugu yetu, na ni heri ulijue leo kuliko siku ya kutuma maombi. Mwenye Stashahada ya Utabibu anatakiwa awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Hapo umepita. Lakini anatakiwa pia awe na angalau D za kidato cha nne katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Wengi hunaswa hapa, maana kwenye stashahada waliingia bila kuulizwa Hisabati, wakadhani suala limekwisha.

Dawa yake ni kurisiti. Jisajili Baraza la Mitihani (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea mwanzoni mwa mwaka, ufanye mtihani Novemba, matokeo yatoke Januari. Huhitaji kurudia masomo yote, Hisabati peke yake inatosha, na unachotafuta ni D tu. Wakati unasubiri, omba AVN, yaani namba ya uhakiki wa stashahada, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada. Bila hiyo, mfumo wa chuo hauwezi kuisoma stashahada yako. Hakikisha jina lililoko NACTVET linafanana na la cheti cha NECTA, herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja inaweza kukwamisha maombi, na kuirekebisha kunaweza kuchukua muda mrefu.

Nimechaguliwa MD vyuo viwili. Wenzangu wametumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, mimi sijaona kitu. (Kijana, Ngaramtoni, Arusha)

Nani alikujazia fomu? Kama ni kijana wa steshenari, huenda aliweka namba yake ya simu au barua pepe yake, na ujumbe umemfikia yeye. Mfuate leo, akupe na nywila. Kisha ingia katika akaunti yako kwenye mfumo wa chuo unachokitaka, sahihisha mawasiliano, uombe kutumiwa namba ya siri upya. Ikifika, ijaze humo humo, thibitisha chuo kimoja tu, na upige picha ukurasa unaoonyesha umethibitisha. Tarehe ya mwisho ikikupita, nafasi zote mbili unaweza kuzikosa.

Usiende TCU kuomba nafasi. Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja. Mkopo nao una dirisha lake la Bodi ya Mikopo (HESLB), haujiombi wenyewe ukichaguliwa. Cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na namba ya mtihani utakayoijaza huko iwe ile ile uliyoombea chuo.