Kwa mwanagenzi anayekarabati bodi ya pikapu iliyoliwa na kutu

Wengi wanaoanza kazi ya bodi huwa na hamu ya kufika haraka kwenye puti, yaani lipu ya kujazia mabonde ya bati, na rangi, kwa kuwa hapo ndipo gari huanza kupendeza machoni. Kwa miaka niliyofanya kazi hii, nimeona mara nyingi kwamba uimara wa ukarabati huamuliwa mapema zaidi, tena upande ambao mwenye gari hatauona kamwe, yaani upande wa ndani wa bati. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu hatua zinazotangulia rangi.

Anza kwa kulichunguza gari zima kabla ya kushika grinda, mashine ya kukatia na kusagia chuma. Chagua kiputo kimoja cha rangi, hata kiwe na ukubwa wa ukucha tu, ukikwangue kwa ncha ya bisibisi. Rangi itabanduka vipande vipande, chini yake utakuta unga wa kahawia, na ukiufuta unga huo mara nyingi utaona tundu dogo lenye kingo nyembamba kama karatasi. Tundu hilo lilianza kutobolewa kutoka ndani, na kiputo kilitokea mwishoni, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila na hivyo huinyanyua rangi iliyo juu yake. Kwa hiyo eneo lililooza halikosi kuwa pana kuliko linavyoonekana kwa nje.

Katika pikapu kuukuu, tafuta kwanza mahali ambapo maji na tope hukaa: sehemu ya chini ya milango, pembe za nyuma za kabini, vizingiti vilivyo chini ya milango, kingo za ndani za madigadi, chini ya mpira wa kioo cha mbele, sakafu iliyofunikwa na zulia, na maungio ya bodi ya kubebea mizigo. Gonga kila sehemu kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Bati zima hutoa mlio wa wazi, lililooza hutoa mlio mzito uliokufa. Pitisha pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, kwani mahali ambapo sumaku haivuti, huenda pana puti nene iliyowekwa na fundi aliyetangulia. Kisha ingia chini ya gari uichunguze chesi, yaani fremu ya chuma inayolibeba gari, na vishikizo vya kabini. Ikiwa chesi imeoza, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na sioni faida ya kuhangaika na madigadi kabla haijashughulikiwa.

Usalama wa moto unahitaji utulivu wako wote. Toa betri, ng'oa zulia, viti na nyuzi za umeme zilizo karibu na mahali pa kuchomelea, na uhakikishe tenki la mafuta na mipira yake haviko karibu na cheche. Ikibidi, tenki lishushwe na kupelekwa mbali. Lami ya chini ya gari na gundi za maungio huwaka polepole upande usiouona, kwa hiyo kuwe na kizimamoto karibu, na usiondoke mara tu unapomaliza. Kaa na gari kwa nusu saa au zaidi huku ukigusa na kunusa kila mahali. Bati lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa, hivyo kwangua zinki kwanza, fungua milango ya karakana na uvae kinyago kinachofaa. Funika vioo pia, maana cheche za grinda hujichomeka kwenye kioo na kuacha vidoa visivyofutika.

Unapokata, endelea mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa pande zote mbili, kisha ongeza sentimita 2 au 3. Mwanagenzi huogopa kuliongeza shimo, lakini kiraka kilichochomelewa kwenye bati lililokwisha kuliwa hutoboka pembeni kila mashine inapowashwa. Ukikata kizingiti, usikikate chote kwa mara moja. Egemeza gari kwenye vigingi imara vilivyosawazishwa, chomelea fito za muda ndani ya uwazi wa mlango, na upime nafasi kati ya mlango na kabini kabla na baada ya kila hatua, kwa kuwa kabini ikilegea kidogo tu mlango hautafunga tena vizuri.

Kiraka kikate kwa kufuata kielelezo cha karatasi ngumu, kutoka kwenye bati lenye unene sawa na la zamani, ambao kwa bodi nyingi huwa kati ya milimita 0.8 na 1. Zungusha pembe zake, kwa sababu pembe kali hukusanya joto na mkazo. Kukilaza kiraka juu ya bati la zamani ni rahisi, ila kunaacha ufa mwembamba ambamo maji hunasa na kuanzisha kutu upya. Mimi huona ni afadhali kuvumilia kazi ya kukisawazisha ukingo kwa ukingo, kukiwa na nafasi inayokaribia unene wa bati lenyewe, angalau katika sehemu zote zinazoonekana.

Kwenye kuchomelea ndipo subira inapolipa zaidi. Kwa mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, waya wa milimita 0.6 na umeme wa kiwango cha chini hufaa kwa bati jembamba, na ni vyema kujaribu kwanza kwenye vipande vya bati lilelile. Usivute mstari mrefu. Piga nukta moja juu, nyingine chini, nyingine upande wa pili, na urudi kuzijaza nafasi zilizobaki pale tu mkono unapoweza kupumzika juu ya bati bila kuungua. Sababu yake ni kwamba chuma kikipoa hujivuta, na joto likilundikana mahali pamoja bati tambarare hujikunja mawimbi ambayo hakuna puti itakayoyaficha kwa heshima. Panapotoboka, shikilia kipande cha shaba nyuma ya tundu, kwani shaba hunyonya joto na haishikani na chuma kinachoyeyuka. Hata kusaga viungo kwa grinda kuna joto lake, kwa hiyo saga kidogo kidogo na uache kabla hujalipunguza bati lenyewe.

Kutu ya juujuu ambayo haijatoboa isuguliwe kwa brashi ya waya, kisha vishimo vilivyobaki vipakwe dawa yenye asidi ya fosfori, ambayo hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Fuata maelekezo ya chupa kuhusu kuisafisha, kwa sababu mabaki ya asidi huizuia praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayopakwa juu ya chuma, kushika.

Puti iwe ya kusawazisha tu, isizidi milimita 3. Ikoroge na kigumishi chake mpaka rangi iwe moja, usiisugue kwa maji, na usiiache wazi usiku kucha bila praima, kwani hunyonya unyevu. Anza na msasa namba 80 kwenye kibao, fuata na 180, na baada ya praima tumia 320 au 400. Kuhusu rangi yenyewe nitasema jambo moja tu: rangi za kuchanganya na kigumishi huwa na isosianati, sumu inayodhuru mapafu, na kitambaa cha puani hakisaidii kitu, asiye na kinyago chenye kuletewa hewa safi ampe kazi hiyo aliye nacho.

Baada ya maungio kuzibwa kwa gundi yake na rangi kukauka, rudi upande wa ndani. Mimina maji kwenye mfereji wa kioo cha kila mlango na uangalie yanavyotoka chini. Yakichelewa, zibua matundu ya kutolea maji. Acha sehemu hizo zikauke kabisa, halafu nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya milango, vizingiti na pembe za kabini kwa mpira mrefu wenye ncha ya kupulizia pande zote. Nta hii haiwekwi mapema, kwa kuwa huwaka wakati wa kuchomelea na huharibu rangi ikiguswa nayo. Ikishaacha kuchuruzika, pitisha waya kwenye kila tundu la chini ili nta isilizibe.