Ukifika kwenye ploti, anza na keateka

Wengi wanaojiunga na kazi hii ya kufuatilia maambukizi mitaani huja na simu yenye fomu, kizibao cha kazi, na imani kwamba virusi hutafutwa maabara. Maabara tutafika. Lakini katika Nairobi ninayoijua, ya Kamukunji, Mathare na Embakasi, ugonjwa huwa umeshazungumzwa na watu siku kadhaa kabla karatasi yoyote haijaandikwa. Kuna mtu anajua. Kazi yako ni kumfikia, na akishakufungulia mlango uhakikishe kwamba ukweli atakaokuambia hautamponza. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo nitakalolirudia hadi mnichoke.

Mfano wangu mkuu utakuwa surua, kwa sababu itawasumbua mara nyingi kuliko virusi vingine na haimwachii nafasi mfuatiliaji mzembe. Mgonjwa mmoja akiangukia kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18. Virusi hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mwenyewe kutoka chumbani. Mtoto huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, na huendelea hadi siku 4 baada ya hapo. Hizo siku za mwanzo ndizo zinazotutesa: ana homa, anakohoa, macho mekundu, na kama ni Julai kila mtu atasema ni baridi tu. Vipele vikitoka na mama akaita mtu, mtoto ameshapita kwa mlezi, kanisani, na kwa shangazi yake Kayole.

Sasa, nani anajua mapema? Wa kwanza ni keateka, yule msimamizi wa ploti, yaani wa vyumba vya kupanga vilivyo pamoja. Anajua nani amehamia mwisho wa mwezi, nani ametoka ushago na watoto, nyumba gani mtoto analia usiku kucha. Usimpite ukienda kugonga milango kana kwamba ploti haina mwenyewe. Utajibiwa na nyumba tatu, na zilizobaki zitajifanya hazina mtu. Wa pili ni muuzaji wa duka la dawa. Akikuambia wiki hii kina mama wanakuja kununua dawa ya kupaka vipele na ya kushusha homa, tega sikio, maana wengi hupita kwake kwanza na huenda kituo cha afya hali ikishaharibika.

Wa tatu, na kwangu ndiye wa maana kuliko wote, ni mama deikea. Wanawake wanaotoka alfajiri kwenda Gikomba au kwenye viwanda vya Barabara ya Mombasa humwachia watoto, na unaweza kukuta wachanga kumi na kitu katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akifika miezi 9, na ya pili miezi 18. Basi hesabu mwenyewe ni wangapi mle ndani hawajafikia hata ya kwanza. Virusi vikiingia chumba kama hicho, utavikuta katika kaya kumi ambazo hazijuani na ramani yako haitakuonyesha kinachoziunganisha. Mwendee kwa heshima. Wengi wanaogopa kufungiwa, kwa hiyo ukianza na maswali ya leseni umeshafunga mazungumzo. Mwulize, “Mama, wiki hii ni watoto wangapi hawajaletwa?” Swali hilo hilo lipeleke kwa mwalimu wa chekechea na kwa maalimu wa duksi, yaani chuo cha Kurani, Eastleigh.

Usiende popote bila mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo. Tangu Septemba 2023 zaidi ya 100,000 nchini walipewa mikoba ya vifaa na simu, na kila mmoja huhesabiwa kaya zipatazo 100. Kwa Nairobi hesabu hiyo ina mzaha wake, maana jengo moja la mtaa wa maghorofa wa Pipeline linaweza kuwa na kaya zaidi ya hizo. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukimzungusha mtu wa posho hiyo mchana kutwa, mlipie nauli na chakula cha mchana, na usimtume kukupigia watu kwa salio lake. Tena msikilize akisema mlango fulani tuurudie jioni. Huenda ana sababu ambayo hawezi kuitaja pale nje.

Nimetaja kizibao. Kivue ukikaribia, au kiache kwenye begi hadi uwe ndani. Gari lenye nembo liegeshwe mbali. Majirani wakiona gari la afya mlangoni watamaliza hadithi wenyewe, na hawataitaja surua. Watataja ugonjwa wanaouogopa zaidi.

Kuhusu tarehe, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo orodha nyingi huharibikia. Unayoihitaji ni siku vipele vilipoanza. Siku uliyopata habari haitoshi, wala siku mtoto alipofikishwa hospitali. Mtu aliyekesha na mtoto wiki nzima hakumbuki tarehe. Akijibu haraka haraka “Jumatatu,” amekupa kitu cha kukuondoa tu. Muulize kwa kodi: ilikuwa kabla ya keateka kuja au baada? Muulize kwa Ijumaa ya msikitini, kwa Jumapili ya kanisa, kwa siku stima zilipopotea, kwa siku shule zilipofungwa. Ukishapata siku, hesabu pande mbili. Kurudi nyuma, siku 7 hadi 21, unatafuta alikoutoa: alikuwa wapi, nani alikuja kulala, alisafiri? Kwenda mbele, anza siku 4 kabla ya vipele, unatafuta aliotangamana nao. Wageni wa kazi huuliza upande wa mbele pekee kwa kuwa ndio una dharura, halafu wanashangaa kuna mlipuko wa pili mtaa wa jirani kutoka chanzo kile kile ambacho hawakukigusa.

Chukua nambari mbili za simu, moja ya mtu na nyingine ya jirani anayemwamini. Hakikisha ni ile anayopokelea M-Pesa, kwani hiyo haitupwi ovyo. Na andika mahali kwa namna utakayoweza kurudi usiku: “ploti ya mabati ya bluu, nyuma ya kinyozi, mlango wa nne kushoto.” Vyumba vingi havina namba ya kuaminika.

Maabara, basi. Anayeshukiwa ni mtu yeyote mwenye homa na vipele, pamoja na kikohozi, mafua au macho mekundu. Damu hutolewa na kupelekwa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kutafuta kingamwili za mwanzo. Ikitolewa ndani ya siku 3 za mwanzo wa vipele, kingamwili zinaweza kuwa bado hazijaonekana, na jibu likaja kwamba hana. Jibu la namna hiyo lisikufanye ufunge faili. Na huhitaji kumchoma sindano kila mtoto wa ploti. Wachache wa kwanza wakithibitishwa, waliobaki huunganishwa nao kwa historia ya kukutana. Kila mtoto aliyeugua apate vitamini A, dozi mbili kwa siku mbili mfululizo, hata kama jibu la damu halijarudi. Hiyo huokoa macho na uhai, na nasikitika kuona watu wakiijadili kama nyongeza.

Chanjo kwa waliotangamana na mgonjwa husaidia kuzuia ugonjwa ikitolewa ndani ya saa 72 tangu wakutane naye mara ya kwanza. Ukikumbuka zile siku 4 kabla ya vipele, utaona kwamba ndugu waliolala kitanda kimoja naye mara nyingi wameshapitwa. Wachanjwe hata hivyo, lakini nguvu zako zipeleke kwenye duara linalofuata: ploti ya pili, deikea, duksi, hao ambao virusi havijawafikia. Wakati wa mlipuko chanjo inaweza kuanza kwa miezi 6, kisha mtoto apate zile za kawaida kwa wakati wake. Omba uone kijitabu cha kliniki. Jibu la “amechanjwa” huwa ni jibu la adabu.

Nataka kusema jambo la 2020, maana nyinyi wengine mlikuwa shuleni. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa na Waziri Mutahi Kagwe tarehe 13 Machi. Kafyu ikaanza tarehe 27, Nairobi ikafungwa tarehe 6 Aprili, na mwezi mmoja baadaye Eastleigh nayo ikazingirwa. Kufuatilia waliotangamana kulikuwa na wataalamu wazuri kabisa. Kilichokwamisha ni kwamba karantini ilifanana na adhabu. Watu walitozwa kwa kila siku waliyolazwa humo, na waliokamatwa kwa kuvunja kafyu nao walipelekwa huko huko. Sasa wewe ni dereva wa matatu, umeulizwa nani alikaa karibu nawe. Utamtaja utingo wako akafungiwe wiki mbili, alipishwe, na watoto wake wakae na njaa? Utasema ulikuwa peke yako. Kila jina linalofichwa lina hesabu yake ya shilingi, na wewe unayeuliza unatakiwa kuijua hesabu hiyo kabla hujauliza.

Ndiyo maana ninapomwambia mtu ajitenge, huanza na swali la chakula. Nyumba ya futi kumi kwa kumi, watu sita, kitanda kimoja na pazia: ukitamka “chumba chake peke yake” watacheka, na wana haki. Tafuta kinachowezekana. Mtoto asiende deikea hadi siku 4 zipite baada ya vipele. Mlezi awe aliyewahi kuugua surua au aliyechanjwa. Dirisha na mlango viwe wazi mchana. Mjamzito na mchanga wa jirani wasiingie. Mama akikosa siku nne za kibarua, nani atamsaidia unga? Zungumza na kanisa, msikiti, chama chao. Mara nyingi kilo mbili za unga zimeweka mtoto nyumbani kuliko barua yoyote ya afisa. Na kama virusi ni vya hewani, usimalize muda wako wote kwenye mitungi ya kunawia mikono. Mwaka 2020 tulijaza kila kona ndoo za maji huku watu wakibanana ndani ya matatu madirisha yamefungwa.

Kunawa kuna siku yake, na polio ni mojawapo. Virusi hivyo hutoka na kinyesi, na wengi wanaovibeba hawaugui. Machi 2018, sampuli ya majitaka ya Kamukunji ilikutwa na virusi vya polio aina ya 2, vyenye uhusiano na vile vilivyokuwa Somalia, bila mtoto yeyote wa Nairobi kupatikana amepooza. Mtaro ulisema kabla ya watoto. Ukipangiwa kuchota majitaka asubuhi na mapema, usione umetupwa. Na ukisikia mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, usingoje uhakika. Zinahitajika sampuli mbili za kinyesi, zipishane saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, zikiwa kwenye baridi njia nzima. Msongamano wa Barabara ya Jogoo usiwe sababu ya barafu kuyeyuka.

Ripoti ya wiki, ile fomu ya Wizara ya Afya iitwayo MOH 505: ukiwa huna mgonjwa andika sifuri. Kisanduku kitupu hakisomeki kama sifuri, kinasomeka kama mtu hakutazama. Orodha ya wagonjwa iwe mstari mmoja kwa mtu mmoja, na isitumwe kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na majina, hata kundi la kazi. Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019, na hata isingekuwepo, picha ya skrini hufika kwa mwenye nyumba kabla ya chakula cha jioni.

Uvumi utaukuta. Usishindane nao mbele ya watu. Mama anayesema chanjo itamdhuru mtoto huwa na kisa halisi nyuma yake: mtoto aliyepata homa baada ya sindano, muuguzi aliyemfokea, karatasi ambayo hakuelezwa. Kiulize hicho kisa. Wakati mwingine jibu ni dakika tano za kumweleza kwamba homa ya siku moja au mbili hutokea. Wakati mwingine atakataa, nawe utarudi wiki ijayo na jirani yake ambaye wake walichanjwa.

Mlipuko wa surua huhesabiwa umeisha siku 42 zikipita bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya zile siku 21. Wiki ya tatu kila mtu huwa ameshachoka, simu hazipokelewi, na wewe umepangiwa kazi nyingine. Endelea kupita kwa mama deikea na duka la dawa hata kama ni kwa dakika chache. Majibu ya damu yakirudi, yapeleke mlangoni kwa mdomo wako. Kina mama wengi wametolewa watoto wao damu na hawakuwahi kuambiwa ilionyesha nini, na ndio hao watakaokuambia hawapo nyumbani mara nyingine ukibisha. Mpitie na keateka, umwambie ploti yake imemaliza, na umwachie nambari yako.