Maswali ya Wasomaji: Taji la Urembo na Kazi ya Hisani

Barua tatu za mwezi huu zimegusa jambo moja, ingawa waandishi wake wako mbalimbali na kila mmoja analitazama kwa upande wake. Nimeziweka pamoja.

SWALI: Assalamu alaikum Bi Mhariri. Nimesoma mazungumzo ya mshindi mmoja wa urembo kutoka Bara, akieleza kwamba matarajio yake ya mwaka ni kuwasaidia wanafunzi wa kike na watoto yatima. Mimi nilikuwa nikidhani mashindano hayo ni ya sura na mwendo. Kazi ya hisani imeingiaje humo, na je, yupo aliyeianza akaiendeleza baada ya kuvua taji?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam dada yangu. Mashindano ya Miss World yalianzia London mwaka 1951, na katika miaka yake ya mwanzo yalikuwa kweli ya sura na mavazi ya kuogelea. Mwaka 1972 Julia Morley, mke wa mwanzilishi wake Eric Morley, aliingiza mpango wa hisani, na kadiri muda ulivyopita mpango huo ukawa sehemu ya mashindano yenyewe: mshiriki huandaa mradi wa kijamii nchini kwake, huurekodi kwa video, na mradi unaowaridhisha waamuzi kuliko mingine humsogeza mwenyewe mbele kuelekea fainali. Mavazi ya kuogelea ndiyo yaliyoondolewa jukwaani, kwa uamuzi uliotangazwa mwishoni mwa 2014. Nalitaja hili la video mapema kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini misaada ya warembo huja na kamera, jambo ambalo mwalimu aliyeandika barua ya pili linamsumbua.

Kwa upande wa Tanzania, shindano la kwanza la Miss Tanzania lilifanyika mwaka 1967, likapigwa marufuku muda mfupi baadaye, na halikurudi hadi 1994. Ama swali lako kuhusu walioendelea, naam, wapo. Jacqueline Ntuyabaliwe, aliyeshinda mwaka 2000, alikuja kuanzisha taasisi yenye jina la ukoo wa baba yake, inayoshughulika na kuweka maktaba katika shule za msingi. Nancy Sumari, Miss Tanzania wa 2005 ambaye mwaka huohuo alitambuliwa kuwa mrembo wa Afrika katika Miss World, amejishughulisha na elimu ya watoto na uandishi wa vitabu vyao. Flaviana Matata, aliyeiwakilisha nchi katika Miss Universe mwaka 2007, alianzisha taasisi yake mwaka 2011 kwa ajili ya elimu ya wasichana.

Uangalie hiyo miaka, dada yangu. Taasisi ya Flaviana ilikuja miaka minne baada ya taji, na ya Jacqueline ilichukua muda mrefu zaidi ya huo. Mwaka wa taji uliwapa kujulikana na kufunguliwa milango, lakini kazi yenyewe waliifanya walipokuwa watu wazima zaidi, wenye kipato chao na wanaoelewa wanachokitaka. Kwa hiyo mshindi anapotaja matarajio mengi ya miezi kumi na miwili, mimi humwombea dua njema, kisha husubiri.

SWALI: Mimi ni mwalimu katika skuli moja ya Mkoa wa Kusini Unguja. Tumepigiwa simu na watu wa mshindi mmoja wa urembo wanaotaka kuja kugawa taulo za kike kwa wanafunzi wetu, na wameomba wasichana wapigwe picha wakipokea. Tunauhitaji msaada huo, lakini moyo wangu unasita kuhusu picha. Niseme nini bila ya kuwavunjia heshima wageni?
Mwalimu, Kusini Unguja

JIBU: Mwalimu, moyo wako umesita mahali panapostahili. Msichana wa miaka kumi na tatu anayepigwa picha akiwa ameshika pakiti ya taulo, katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake na picha huzunguka simu hadi simu kabla ya Magharibi kuingia, ametangaziwa jambo lake la siri bila ya ridhaa yake. Aya ya 264 ya Suratul Baqara inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na sioni namna ya kuiondoa picha hiyo katika maudhi, hata kama mpigaji wake ana nia safi.

Msiukatae msaada. Waelezeni wageni kwa upole kwamba mtawakaribisha kwa masharti machache, na mweleze pia kwamba mnafahamu kuwa wao wanahitaji kumbukumbu ya kazi yao. Wanaweza kumpiga picha mrembo akiwa na walimu, wakapiga maboksi yakishushwa, wakaonyesha madarasa na uwanja, na wakamrekodi mwalimu mkuu akieleza mahitaji ya skuli. Ugawaji wenyewe ufanyike darasani, milango ikiwa imefungwa, akiwepo mwalimu wa kike. Kabla ya yote, sheha na afisa elimu wa wilaya wapewe taarifa, na wazazi waulizwe kupitia kamati ya skuli, kwa maana lawama ikizuka haitamfuata mrembo aliyekwisha kuondoka bali itabaki kwako.

La pili ninalokuomba ulipigie hesabu ni kiasi. Pakiti ya kawaida huwa na taulo nane. Msichana ambaye hedhi yake ni ya siku nne au tano, na anayebadilisha kila baada ya saa chache kama inavyotakiwa, humaliza pakiti moja hadi mbili kwa mwezi, na mbili ndizo zinazomtosha wengi. Wasichana 100 kwa miezi kumi ya masomo wanahitaji basi pakiti kati ya 1,000 na 2,000. Mgeni akileta pakiti 200, ambazo zikipangwa mezani huonekana nyingi sana, amewasitiri kwa mwezi mmoja au miwili. Mwambie ukweli huo bila ya kumlaumu, kisha umpe njia nyingine: achague wasichana wachache wenye hali ngumu zaidi na awahudumie mwaka mzima, au pakiti zote ziwekwe kwa mwalimu wa kike ziwe akiba ya anayepatwa na hedhi akiwa skuli, au fedha hizo zilipwe mafundi cherehani wa kijijini wakashona taulo za kitambaa, ambazo zikifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani hudumu kwa muda mrefu. Za kitambaa, hata hivyo, zinataka maji ya kutosha, na hapo ndipo nitakapokuuliza kuhusu vyoo vyenu. Choo kisicho na mlango unaofungika, kisicho na maji wala pipa la taka, humrudisha msichana nyumbani hata akiwa na taulo mkobani. Kama mgeni wenu ana uwezo wa jambo moja tu, mimi ningemwomba mlango, tangi la maji na pipa.

Bei nayo haituachi. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ya Muungano iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata kodi hiyo ikarudishwa kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Mshindi wa urembo husikilizwa na waandishi wa habari kuliko mwalimu wa kijijini, na ningefurahi sana kumsikia akilizungumzia hilo mbele ya wafanyabiashara na wabunge.

SWALI: Nina miaka 21 na nimeshinda taji la urembo chuoni kwetu. Mwaka huu nataka kuanzisha jumuiya, kusaidia yatima, kupanda mikoko, kutembelea wagonjwa na kuwasaidia wakulima wa mwani. Mama yangu hakulifurahia taji hili. Nianzie wapi?
Binti wa Mjini, Unguja

JIBU: Anza kwa mama, mwanangu. Usimfiche ratiba zako, mweleze unakokwenda na nani unakwenda naye, na siku ya kwanza ya kazi mwombe mfuatane. Kuchukia kwake huenda kunatokana na jukwaa na mavazi, na hilo ni la kuzungumzwa ndani ya nyumba yenu, wala mimi sitaliamua kwa barua.

Katika yale matano, chagua la mwani. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi waliomo ni wanawake. Mwani mkavu husafirishwa nje, hutolewa kitu cha kugandishia vyakula na dawa za meno, na mkulima hubaki na bei ndogo. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa kwa sababu maji ya kina kifupi yamepata joto, na kuipanda kwenye kina kirefu kunahitaji chombo na kujua kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi wa pwani hawakuyapata. Kinachowapa faida kubwa zaidi ni kuugeuza mwani kuwa bidhaa: wapo wanawake wa Kidoti na Paje wanaotengeneza sabuni za mwani, na wanachokikosa wengi wao ni soko.

Hapo taji lako lina kazi. Watu wanakutazama ngozi na nywele, wanakuuliza unatumia nini, nawe unaweza kuwajibu kwa sabuni ya mama wa Kidoti, ukaitumia kweli na ukaionyesha katika kila picha unayopigwa. Msaada wa namna hii haumdhalilishi mtu, kwani yule mama anauza bidhaa yake kwa bei yake.

Jumuiya yako mwenyewe iache kwanza. Inahitaji katiba, wanachama, usajili kwa Mrajis na hesabu zinazokaguliwa, na mwaka wako utamalizikia katika ofisi. Jiunge na kikundi kilichopo, chini ya uongozi wao. Nenda mara ya kwanza siku za bamvua, maji yakitoka, ukafunge mbegu kwenye kamba pamoja nao. Kisha rudi siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali nao wanapokuwa nyumbani, uwaulize sabuni ngapi wanaweza kutengeneza kwa mwezi na ipi wanaiuza kwa shida.