Eti Nala ni zawadi? Maswali yenu ya majina ya watoto

Wapendwa wangu, toleo lililopita niligusia kidogo tu majina ya watoto na meseji zikamiminika mpaka nikashindwa kuzimaliza. Nimechagua hizi chache, zingine zitafuata. Aliyeandika kwa kirefu nimempunguzia, anisamehe.

Shikamoo shangazi. Mi ni mama kijacho, mimba ina miezi 7, wa kwanza huyu na tumeshaambiwa ni wa kike. Nimezunguka intaneti nikapata jina Nala, wameandika ni la Kiswahili maana yake zawadi, nimelipenda sana ila mume wangu anasema hajawahi kulisikia hilo neno maisha yake yote. Nani yuko sawa? – Mama kijacho, Mbagala

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mumeo yuko sawa. Hatuna neno nala lenye maana ya zawadi, Nala tunayoijua sisi ni kata iko Dodoma. Jina hilo limevuma kwa sababu ya ile katuni ya Marekani ya mwaka 1994, The Lion King, Nala ndo yule simba jike, na kwa vile mle ndani kuna Simba na Rafiki ambayo ni Kiswahili kweli basi watu wakaona yote ni ya kwetu. Na hata yaliyo ya kwetu mle si yote ya kumpa mtoto, Pumbaa ni kupumbaa, na Shenzi sina haja ya kukuelezea.

Kama moyo wako uko kwenye maana ya zawadi, mbona tumejaaliwa. Kuna Zawadi yenyewe, kuna Hidaya, kuna Adia, halafu kuna Tunu ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Tunu sio zawadi ya kununua njiani ukirudi kazini, tunu ni kitu adimu, mtu kakitafuta akakutunzia akakuletea kwa mapenzi. Ni fupi, halina uzito mdomoni. Fanya hivi, simama mlangoni jioni uite kwa sauti kama mtoto yuko nje anacheza, Tunuuu, alafu uite Nala, usikilize lipi linakuja lenyewe. Ukiona bado ni Nala mwite, ni jina zuri kulisikia, ila akikuuliza maana mwambie ukweli, usimwambie ni Kiswahili akaja kuumbuka shuleni.

Mambo shangazi, sisi mtoto wetu kazaliwa na kilo 4.2, mashavu hayo mpaka macho hayaonekani, nyumba nzima tunamwita Mashavu. Sasa mke wangu anataka niandike hivohivo kwenye cheti cha kuzaliwa, mi naogopa. – Baba Mashavu, Morogoro

Poa mwanangu. Kwanza ujue Mashavu ni jina la watu kabisa, wako kina mama wengi wanaitwa hivyo na wanaheshimika, kwa hiyo mkeo hajazua kitu kigeni. Lakini woga wako nauelewa na wazee walishautafutia dawa zamani, mtoto alikuwa anapewa jina la nyumbani na jina la watu. La nyumbani ndo la kudekezea, hapo weka Kibonge, weka Babuu, weka Mashavu, weka lolote linalowachekesha. La watu ndo hilo la madrasa au la ubatizo, la shule, la kuitiwa kazini.

Mama yangu mzazi ana miaka 70 na ushee, kwenye kitambulisho ana jina lake refu la heshima, lakini dada yake akija anasimama nje ya uzio anaita "Mamuu, Mamuu we!" na mama anaacha alichoshika, hata kama ni mwiko wa ugali, anatoka huku anafuta mikono kwenye kanga na uso umebadilika kabisa, yaani unamuona ana miaka 6. Jina hilo sasa hivi limebaki na mtu mmoja tu duniani wa kuliita. Ndo maana nasema la nyumbani lisidharauliwe, na wala halihitaji cheti, cheti chake ni watu. Mwandikie mwanao jina lingine mnalolipenda, na huyo Mashavu wenu mtunzieni.

Shangazi mi ni Mswahili wa Mombasa nimeolewa na Mjaluo, tumejaliwa binti mwezi huu. Kazaliwa alfajiri mvua inanyesha kubwa. Mama mkwe anataka Akoth, mamangu naye ashaanza kumwita Mwamvua, na kila mmoja amekasirika ati mwenzake anamnyang'anya mjukuu. Nifanyeje? – Mama Binti, Mombasa

Mwanangu umenifurahisha leo, maana hawa wamama wawili wanagombania jina moja! Akoth kwa Wajaluo ni msichana aliyezaliwa mvua inanyesha, mvulana anakuwa Okoth. Mwamvua ni hivohivo, mwana wa mvua. Wakalenjin nao ukienda kwao wana Cherop, ni mvua ileile. Waketishe pamoja na chai na mahamri uwaeleze polepole, mwambie mamako maana ya Akoth na umwambie mama mkwe maana ya Mwamvua, nina imani hawajawahi kuulizana. Mwandike Akoth Mwamvua au Mwamvua Akoth, vyovyote, kote huko anaitwa mtoto wa mvua.

Na haiishii kwenye mvua. Atieno ni wa usiku, sisi tuna Chausiku. Sisi tuna Mwanaidi wa siku ya idi, tuna Mwajuma wa Ijumaa, tuna Masika wa msimu wa mvua, tuna Safari aliyezaliwa watu wako njiani. Majina haya vijana siku hizi wanayaona ya kizamani, mi nayaona kama picha, mtu anakutajia jina lake na wewe unajua hali ya hewa ya siku aliyozaliwa.

Habari za kazi. Nimepata mapacha, wa kike na wa kiume. Ukoo wanasema ni Kulwa na Doto hakuna mjadala. Mimi na mwenzangu tulishachagua Faraja na Furaha, tunaona yanapendeza yakienda pamoja. Tukiwakatalia wazee ni kosa? – Baba Mapacha, Mwanza

Nzuri, na hongera mara mbili. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi Kulwa ni aliyetangulia na Doto ni aliyefuata, na haliangalii wa kike wala wa kiume, kwa hiyo hata mkikataa watu wataita tu, mtaa mzima utaita. Na atakayewafuata hao, Mungu akijalia, ni Shija. Majirani zetu nao wana mpango huohuo, Wajaluo wana Opiyo na Odongo, wakiwa wa kike Apiyo na Adongo, anayefuata Okello au Akello, na Waganda wana Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, anayefuata ni Kizza. Yaani Ziwa Victoria lote hilo limezungukwa na watu wanaowapa mapacha heshima yao kwa jina. Mi ningekushauri usiwanyime wanao hiyo.

Ila hayo ya Faraja na Furaha hebu yafikirie tena. Yanapendeza kweli, lakini jaribu kuyaandika kwa haraka, kwa mwandiko wa nesi mwenye foleni ya kina mama 40 benchini, uone kama utayatofautisha. Kadi moja ya kliniki ikiandikwa Faraja na ya pili ikaandikwa Faraja, uzito wa huyu ukajazwa kwa yule, chanjo huyu kachoma mara mbili na mwenzie hajachoma, sio mchezo. Ya mapacha yapatane kwa maana, sio kwa herufi. Faraja na Tumaini, kwa mfano, au Amani na Furaha.

Naitwa Shida, nina miaka 19, niko chuo. Nalichukia jina langu shangazi, watu wakilisikia wanacheka au wananionea huruma. Nataka kulibadili kabisa. – Shida, Iringa

Mwanangu pole, na nimesoma meseji yako mara tatu. Kwanza hauko peke yako, kuna kina Tabu, Mashaka, Majuto, Sikujua, nchi nzima wamejaa. Lakini kabla hujafanya lolote nakuomba umuulize aliyekupa, kama yupo hai, ile siku ilikuwaje. Mara nyingi jina kama hilo halimsemi mtoto, linasema yaliyokuwa yamewapata wazazi, kwamba tulikuwa kwenye shida na katikati ya hiyo shida ukaja wewe. Wengine walipoteza watoto wawili watatu wakaona wakimpa anayefuata jina zuri la kujivunia nalo litamchukua, Wajaluo mtoto wa namna hiyo wanamwita Owiti au Awiti, kama vile katupwa, kumbe ndo anayependwa kuliko wote na wanaogopa hata kulisema.

Ukishajua hiyo stori na bado linakuumiza, badili. Hakuna laana hapo. Siti binti Saad unamjua, yule malkia wa taarabu wa Zanzibar. Alizaliwa kijijini Fumba na jina alilopewa ni Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadae akiwa mkubwa na anaimba, na hilo ndo aliloondoka nalo duniani mwaka 1950 na ndo tunalolijua leo. Mtu kutoka Mtumwa akawa Siti, wewe kutoka Shida utashindwaje? Niandikie tena ukishaongea na mama.

Shangazi, sisi tuko Ohio. Jirani zetu ni Wamarekani weusi, binti zao wanaitwa Imani na Nia, hawajui Kiswahili hata kidogo. Wameyatoa wapi? Na sisi tunataka kumwita wetu Nyota, unaonaje? – Mama wa Ohio

Wengi yamewafikia kupitia Kwanzaa, sherehe aliyoianzisha Maulana Karenga kule California mwaka 1966, inaanza Desemba 26 mpaka Januari 1, na kila siku ina neno lake la Kiswahili. Nia ni siku ya 5, Imani ya 7. Kwa hiyo hao mabinti majina yao sio ya kubahatisha, wazazi wengi walikuwa wanatafuta kitu cha Afrika cha kuwashikisha watoto wao, na wakakipata kwenye lugha yetu. Waalike chai, wasikie wewe unavyoyatamka.

Nyota ni jina zuri mno, ila ujiandae, mwalimu siku ya kwanza ya shule ataita Naiyota na mtoto ataangalia dirishani asijue anaitwa yeye. Mfundisheni mapema kusema "mimi ni Nyota" kwa sauti. Kama hutaki hiyo kazi kuna Lulu, kuna Amina, kuna Johari, hayo hayapotei sana midomoni mwa wageni.

Naweza kumwita mwanangu Keki? – Binti wa Tanga

La nyumbani ndiyo, la cheti hapana. Kama unataka jina la kitu kitamu mbona Zabibu lipo miaka yote na linapendeza. Na nyie watu wa pwani mmeachaje ya harufu, Asumini, Waridi, Rehani, ukilitaja tu ni kama mtu kapita na kikuba kifuani.

Mume wangu anataka Zawadi yetu iandikwe Zahwadee ili awe tofauti na wengine. Mi naona kama sawa tu, ni jina lilelile. – Mama Zawadi, Arusha

Sio sawa mama, na hapa naomba unisikilize vizuri maana hili nimeliona kwa macho yangu kwa mtoto wa ndugu yangu. Wazazi walimuandika kwa spelingi ya madoido kwenye cheti cha kuzaliwa, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika anavyojua yeye, cheti cha kidato cha nne kikatoka na ya mwalimu, kitambulisho cha taifa kikatoka na ya tatu ambayo hata hatujui ilitoka wapi. Binti kapata kazi, siku ya kupeleka vyeti wakamwambia hizi karatasi ni za watu watatu. Alizunguka kwa wakili kula kiapo, akarudi ofisini, akatumwa ofisi nyingine, nauli juu ya nauli, na kazi yenyewe ilikuwa ina tarehe ya mwisho kuripoti.

Andikeni Z-a-w-a-d-i. Na mkasajili ndani ya zile siku 90 tangu azaliwe, msingoje mpaka anaanza shule ndo mnaanza kutafuta tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali, limewekwa kabati gani. Baba yake akitaka mtoto awe tofauti, jina la pili bado liko wazi, na nimeshawatajia mengi hapo juu.