Jibu: Mkutano wetu wa kwanza wa kuchora ramani ulikuwa na watu 30, wa tatu tumebaki 7. Tunakosea wapi?

Mkuu, umeuliza kama mtafute mada nzito zaidi ili watu warudi. Mimi naona mada haina kosa. Tazama saa ya kwanza mliitumiaje: kufungua akaunti, kusakinisha programu, kuhangaikia intaneti. Mgeni akiondoka bila kuona hata nyumba moja aliyoichora kwa mkono wake, harudi.

Akaunti za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia mnayoichora, zifunguliwe kabla, angalau siku 2. Zikifunguliwa 20 kwa mpigo kutoka mtandao mmoja, mfumo unaweza kuzizuia, halafu kuna kusubiri barua pepe ya uthibitisho wakati mwenyewe kasahau nenosiri. Kila mtu akutumie jina lake la mtumiaji. Asiyetuma, mpigie simu. Majina hayo utayahitaji tena mkutano ukiisha.

QGIS, programu ya kuchambua na kutengeneza ramani, iacheni siku ya wageni. Faili lake ni kubwa na litameza intaneti yote. Anayeitaka apewe kwa flashi. Mgeni anatoshwa na iD, kihariri cha OpenStreetMap kinachofunguka ndani ya kivinjari. Ila nacho hupakua picha za setilaiti kila ramani inaposogezwa, na hotspoti nyingi za simu hazibebi zaidi ya vifaa 10. Kwa watu 20 andaeni vyanzo 3 vya intaneti, mzime na masasisho ya kompyuta. Kila kompyuta iwe na kipanya, kwa sababu kuchora kwa kidole kunachosha upesi na pembe hutoka zimepinda. Projekta na waya wake vijaribiwe jana yake, kwa kompyuta ileile itakayotumika.

Kazi iwe moja: majengo tu, au barabara tu. Tasking Manager, tovuti ya kugawana kazi ya HOT (shirika la OpenStreetMap la misaada ya kibinadamu), hugawa eneo katika miraba; ukiuchukua mmoja hufungwa kwa wengine, na usipoukamilisha hujifungua baada ya saa 2. Mgeni akikuta mraba umemshinda, aurudishe bila kuuwekea alama ya kukamilika. Hili lisemeni mara mbili, kwa sababu mraba uliotiwa alama kabla ya wakati unampotezea mhakiki muda mwingi kuliko mtupu. Na wahifadhi kila baada ya majengo 10 hivi.

Onyesho lisizidi dakika 15, na jengo moja linatosha. Ndani ya iD bonyeza 3 kwenye kibodi, fuata kona za paa, bofya mara mbili kufunga, chagua kuwa ni jengo, kisha bonyeza Q pembe zinyooke. Sasa ukuze picha utazame ukuta. Setilaiti iliyopiga kwa mshazari huonyesha paa limeegemea upande, mbali na pale jengo linapokanyaga ardhi. Umbo ulilochora ni sahihi, mahali pake si sahihi. Bonyeza M, ulisogeze lote hadi kona zikae kwenye msingi. Jengo likiwa refu, tofauti hiyo hufika mita kadhaa.

Kubalianeni pia picha ya chini, yaani ya setilaiti mnayochora juu yake, iwe ipi. Mmoja akitumia ya Bing na mwenzake ya Esri, zinaweza kupishana, na mtaa mmoja ukachorwa kwa namna mbili zisizokutana. Maelekezo ya mradi yakitaja picha fulani, ifuateni hiyo. Kunakili kutoka Google Maps ni marufuku, hata jina moja la barabara.

Makosa yatakayojirudia: uzio mzima kuchorwa kama jengo, nyumba tatu zilizobanana kuunganishwa kuwa moja, mkondo mkavu wa mto kudhaniwa barabara. Baya zaidi ni barabara mbili zinazoonekana kukutana ilhali hazina nukta ya pamoja. Kwa macho zimeungana, lakini programu ya kuelekeza njia itakuzungusha kwa sababu kwake hapo hapapitiki.

Uhakiki ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo vikundi vingi huiruka. Kila wageni 5 au 6 wawe na mzoefu mmoja anayezunguka nyuma yao, asiyechora chochote siku hiyo. Kisha ndani ya siku 2 mzoefu afungue kazi kwa JOSM, kihariri cha wazoefu kinachosakinishwa kwenye kompyuta, aendeshe kikaguzi chake, na amwandikie kila mtu kwa jina lile la mtumiaji: nini kimekaa vizuri, kosa gani moja arekebishe, na kiungo cha mahali penyewe. Msifute kazi ya mgeni mkachora upya kimyakimya. Atajua, na hatajifunza.

Mkutano unaofuata watoeni nje na StreetComplete, programu inayouliza maswali ya kujazia ramani, kwenye simu, wawili wawili, saa moja na nusu, wakaulizie yale ambayo setilaiti haioni: majina, idadi ya ghorofa, lami au udongo. Wapelekeni kwenye miraba ileile waliyoichora.