Fundi akikwambia toa themostati, mwulize maji yatapita wapi

Kijana mmoja wa Mafinga ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeweka injini ya 1JZ tabo kwenye Mark II yangu, tambarare haina shida ila kupanda mlima wa Kitonga inachemsha. Fundi anasema tutoe themostati maji yazunguke bila kizuizi. Nimruhusu?"

Marahaba mdogo wangu. Usimruhusu. Themostati ni valvu ndogo inayoamua maji ya kupoozea injini yapite wapi, na kama ameshaitoa, airudishe.

Mark II yangu, GX100, niliinunua ikiwa imeshabadilishwa injini. Ile injini ya 1G ya kiwandani ilishatolewa, ndani imekaa 1JZ-GTE, cc 2491, farasi 280 kutoka kiwandani. Nyote mnaosoma hapa mnajua raha yake, sina haja ya kuieleza. Nilifunga geji ya kidijitali ya joto la maji, kwa sababu ile ya dashibodi hukaa katikati inakutazama tu mpaka mambo yaharibike. Kutoka Chalinze hadi Morogoro ilisoma digrii 68, haipandi. Kitonga, kona za juu, nyuma ya malori ya Tunduma, ikagonga 108 na bado inapanda.

Sasa jiulize: injini gani hiyo inayopoa kupita kiasi kwenye tambarare na kuchemka mlimani?

Gereji niliyoenda (sitaitaja) waliniuzia rejeta nene. Ikachemsha. Wakaniuzia feni mbili za umeme. Ikachemsha. Nilipouliza mbona hakuna themostati, fundi mkuu akacheka mbele za watu: "Bosi, hiyo ni ya Japani kwenye barafu. Hapa Bongo joto lote hili, unaitakia nini?" Vijana wake nao wakacheka. Nilipomtajia kitabu cha Toyota akaniambia nikaendeshe hicho kitabu. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Kitabu chenyewe kinasema waziwazi: usiitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemka, kwa sababu ukiitoa upoozaji unapungua. Sababu yake unaiona ukiishika mkononi. Juu kuna valvu kubwa inayofungulia maji ya rejeta, katikati kuna kikopo cha shaba chenye nta inayovimba kwa joto, na chini kabisa kuna kisahani kidogo chenye springi. Mafundi wengi hawajawahi kujiuliza kisahani kile ni cha nini.

Injini ikiwa ya baridi, maji huzunguka ndani kwa njia ya mkato: yanatoka kwenye hedi na kurudi kwenye pampu bila kufika kwenye rejeta. Joto likifika digrii 80 hadi 84, valvu ya juu inaanza kufunguka, na kisahani cha chini kinashuka kuiziba ile njia ya mkato. Kazi mbili kwa mpigo. Ukiitoa, umefungua rejeta, sawa, lakini njia ya mkato nayo imebaki wazi. Pampu inavuta panapopitika kirahisi, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Tambarare utapona, maana joto ni dogo. Mlimani, tabo ikipuliza, ndipo utakapojua. Rejeta iwe nene kama godoro, haiwezi kupooza maji ambayo hayapiti kwake.

Na ile 68 ya tambarare msiishangilie. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) inadhani injini bado ni ya baridi, inamwaga petroli zaidi, na nyingine inaishia kwenye oili. Halafu mnakuja kunilalamikia kwamba 1JZ inakunywa!

Nilinunua themostati halisi, nikaijaribu jikoni Iringa: sufuria, uzi, kipimajoto cha kupikia. Iningʼinize isiguse chini. Ilianza kuachia kwenye 82, na maji yalipotokota ilikuwa imefunguka kama milimita 8. Kwa Iringa maji hutokota karibu na 95 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo usisubiri 100 ukadhani kipimajoto kimekufa.

Kitonga iliyofuata, malori yaleyale, gia ya pili: 91. Nilipiga picha ya geji na kuituma kwa fundi mkuu. Alisoma, hakujibu.

Vijana, someni. Gari la milioni nyingi unalikabidhi kwa neno la mtu asiyetaka hata kufungua ukurasa mmoja? Kuwa na mkono wa spana si kuwa na elimu. Nunua spea halisi, usinunue ya bei chee. Na narudia, nunua halisi.

Kwako wa Mafinga: rudisha themostati, kivalvu kidogo cha hewa kikae juu kama kitabu kinavyoelekeza. Jaza kulanti (maji ya kupoozea injini) polepole, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, mpaka mapovu yaishe. Badilisha na mfuniko wa rejeta, maana presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema, hasa huko kwenu juu. Kama umefunga intakula (kipoozeo cha hewa ya tabo) mbele ya rejeta, ziba mapengo ya pembeni ili upepo usikwepe, na kava la feni lirudi mahali pake. Ikichemsha tena baada ya hapo, pima gasketi ya hedi kabla hujanunua kitu kingine chochote.